Marehemu Mrindoko na Mstari Wake

Niwape?

Tupe!

Sijasikia. Mmekula pamba leo? Niwape?

Tupeee!

Haya, pokeeni. Kale, kale ile ya mbali, milima ilipokuwa bado inagombania nani akae wapi, palikuwa na mlima mmoja jina lake Ngwari, na juu kabisa ya Ngwari palikuwa na nyumba moja, nyumba ya Mzee Mrindoko. Chediel, acha kumvuta mwenzako nywele, nitakuja hapo. Nyumba ile ndiyo iliyoshika kichwa cha mfereji. Mnajua kichwa cha mfereji? Ni pale maji ya kijito yanapogeuzwa yaache njia yake, yaingie mferejini, yashuke, yashuke, mpaka kwenye migomba ya watu wa bonde zima. Na pale kichwani palikuwa na jiwe. Si jiwe la kurushia ndege! Jiwe bapa, refu kuliko mimi, zito, limesimama kama mlango. Likishuka, mfereji umefungwa. Likiinuliwa, bonde linakunywa.

Sasa, penye jiwe lile ni ukingoni mwa jabali. Nafasi ya kusimama ni ya watu watano. Wa sita anaporomoka. Watu wa nyumba ile walipenyeza miti mirefu chini ya jiwe, wakainua kwa miti ile na kwa wimbo. Ndiyo, wimbo! Unacheka nini, Nakijwa? Watu watano wakisukuma kila mmoja kwa wakati wake, jiwe halitikisiki. Wakisukuma pamoja, linapanda. Wimbo ndio uliowaambia wakati.

Wimbo ulikuwa na mistari mitano, na kila mtu wa nyumba ile alikuwa na mstari wake. Binti, Nambua, alianza: “Shikeni, shikeni, mikono isilale!” Baba mdogo wao, Kajiru, akafuata: “Goti chini, mgongo chini, pumzi kifuani!” Kisha mama, Nakiete: “Haya juu, haya juu, mama anyanyue mtoto!” Hapo jiwe linapanda. Halafu baba mwenyewe, Mzee Mrindoko: “Maji yashuke, bonde linywe, tusiache, tusiacheee!” Na ile “tusiache” aliivuta kwa pumzi moja, ndefu, na maadamu anaivuta, hakuna anayelegeza, mpaka mwanawe mkubwa, Semvua, apenyeze kigingi chini ya jiwe na kuimba wake wa mwisho: “Kimeingia, kimeingia, tupumue!”

Na mwiko wao ulikuwa huu, sikilizeni vizuri. Hakuna aliyeimba mstari wa mwenzake. Hata akichota maji, hata akibembeleza mtoto, hata akilewa. Mstari wa mtu ulipokelewa na mwingine baada ya mwenyewe kuzikwa, basi. Kwa hiyo ukiimba mstari wa mtu aliye hai, umesema nini? Umesema amekufa. Umemtupia udongo.

Mwaka mmoja, Semvua akiwa kijana ndevu ndiyo kwanza zinaota, walipanda kuinua jiwe. Nambua akaimba, Kajiru akaimba, Nakiete akaimba, jiwe likapanda. Mzee Mrindoko akafungua kinywa: “Maji yashuke, bonde linywe, tusia—” kohoo! Kikohozi kikamkaba. Akakohoa, akakohoa, sauti haipo. Mikono ya watu ikalegea, jiwe likaanza kurudi chini, na chini ya jiwe palikuwa na nini? Mguu wa Mzee Mrindoko mwenyewe! Semvua akauona. Hakufikiri. Angefikiri saa ngapi? Akaimba: “Tusiache, tusiacheee!” Watu wakakaza. Kigingi kikaingia. Maji yakaruka mferejini, na kule bondeni vigelegele vikapaa.

Juu ya jabali, mzee akavuta mguu wake, akageuka.

“Nani ameimba mstari wangu?” akauliza Mzee Mrindoko.

“Ni mimi, baba. Jiwe lilikuwa lina—”

“Umenizika.”

“Baba, hapana, mguu wako ulikuwa—”

“Umenizika ningali nakohoa! Haya. Vizuri sana. Nimekufa.”

Mnadhani ni maneno ya hasira tu? Hata mama yao alidhani hivyo. Lakini mzee yule alishuka mlima, akakaa kizingitini pa nyumba yake, na tangu saa ile akawa marehemu. Hasalimii, haitiki. Ukimsemesha anatazama mbali. Semvua alipiga magoti mbele yake siku tatu, akalia mpaka macho yakavimba, na baba akatazama kupitia kifuani mwake kama pale hapana mtu. Siku ya nne kijana akachukua fimbo yake akaenda zake, akavuka nyika, akaingia nchi ya wafua chuma, akakaa huko miaka kumi na miwili. Hesabuni kwa vidole, na vya miguu mwongeze.

Na nyumbani je? Lo! Watu wa nyumba ile waliharibikiwa vichwa. Nakiete, kwa kuwa mumewe alisema amekufa, akajifunga kichwani utepe wa jani la mgomba, utepe wa mjane. Kila jioni alipeleka chakula kizingitini kama watu wanavyowapelekea wafu, na marehemu anakula! Anakula, analamba vidole, kisha anauambia upepo, “Chumvi imepungua.” Na mjane naye anauambia upepo, “Wafu wa siku hizi wana midomo.”

Kajiru yeye akaingiwa na woga. Aliogopa asije akatamka neno la mstari wa mtu akaua mwingine. Akaacha maneno yote yaliyomo kwenye wimbo, isipokuwa ya mstari wake. Hasemi maji, anasema “kile cha kunywa.” Hasemi bonde, anasema “kule wanakokaa wale.” Kumtuma Kajiru kwa jirani ilikuwa kazi ya kutwa nzima.

Na Nambua? Maskini Nambua. Binti haozwi kabla ya matanga ya baba yake kuanuliwa, na anayeanua matanga ni mtoto wa kwanza, naye yuko nyikani. Basi mchumba wake, Mbonea, akangoja. Akangoja mpaka mvi zikamtoka. Nambua akawa mkali, huwezi kupita jikoni kwake bila kurushiwa mwiko.

Mtauliza, na jiwe je? Jiwe lilibaki juu miaka yote ile, limekaa juu ya kile kigingi cha Semvua. Hakuna aliyethubutu kulishusha, maana lingeinuliwa na nani? Maji yalipozidi mashamba yakafurika, watu wakanung'unika, wakavumilia. Mpaka mwaka wa kumi na mbili. Ardhi ikatikisika kidogo, kigingi kikavunjika, jiwe likashuka: gubu!

Siku ya kwanza mfereji ukawa tope. Siku ya kumi ukawa vumbi. Migomba ikainamisha majani. Mfumwa, yaani mtawala wa bonde, akatuma neno: “Nyumba ya Mrindoko ina siku saba. Maji yakitoka, wabaki. Yasipotoka, wahame mlima huu wasionekane tena, na nyumba ichomwe.” Mchuuzi mmoja wa majembe akalibeba neno lile mpaka kwa wafua chuma, na Semvua akalisikia akiwa na nyundo mkononi. Nyundo akaiweka chini. Hakuaga hata. Alitembea kama anayekimbizwa, na moyoni alikuwa na jambo moja tu: nyumba yetu itachomwa, na ni kwa sababu ya kinywa changu.

Akafika siku ya tano, jua likiwa juu ya utosi. Wa kwanza kumwona alikuwa Kajiru, anachanja kuni.

“Yuu!” akapiga ukelele. “Njooni! Amekuja! Amekuja yule… yule wa kwanza wa… aliyetoka tumboni mwa yule bibi wa nyumba hii!”

“Baba mdogo,” Semvua akasema, “umepatwa na nini? Huwezi kusema mtoto wa mama?”

Kajiru akaziba masikio akakimbilia nyuma ya zizi.

Mwiko ukapita karibu na sikio la Semvua, fyuu! Nambua huyo mlangoni pa jiko. “Miaka kumi na miwili!” akafoka. “Mtazame Mbonea! Ulimwacha kijana, sasa ni mzee! Ungechelewa kidogo tu, ningezaa mjukuu kabla ya mtoto!” Kisha akamrukia kaka yake shingoni akalia kwa sauti. Na mama akatoka, utepe kichwani, amekonda, akampiga mwanawe kofi, akamkumbatia, akampiga la pili, akamkumbatia tena. Ndivyo mama walivyo, msishangae.

Semvua akageuka kizingitini. Baba yake alikuwa pale pale alipomwacha, ila mabega yamepungua. Akapiga magoti.

“Shikamoo, baba.”

Mzee akautazama mlima. “Kuna watu,” akauambia upepo, “wanasalimia wafu. Watu wa ajabu.”

“Baba, siku zimebaki mbili. Tuimbe, maji yatoke.”

“Wafu hawaimbi,” mzee akauambia upepo, akajikuna kisigino.

Semvua akasihi. Hakuna. Akalia. Hakuna. Akamkumbusha kwamba nyumba itachomwa na yeye mzee akiwa ndani yake. “Marehemu haungui,” upepo ukaambiwa. Sasa, wajukuu zangu, mngekuwa ninyi mngefanya nini? Usinijibu upuuzi, Chediel. Semvua akakaa kwenye gogo la kuni, kichwa mikononi. Akafikiri: nimembishia miaka yote hii kwamba hakufa. Na nikikubali je?

Akainuka, akafuta uso.

“Mama,” akasema kwa sauti kubwa, kizingitini pasikie. “Kweli, baba amekufa. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na sijamtendea haki. Kesho tunaanua matanga. Nambua, tayarisha pombe. Baba mdogo, waite watu.”

Mzee akaacha kujikuna.

Kesho yake, siku ya sita, ua ulijaa asubuhi na mapema. Bonde zima lilikuja. Nani hataki kuona matanga ya mtu aliyekaa pale anatazama? Semvua akasimama katikati. “Tunagawa vitu vya marehemu,” akatangaza. “Kigoda chake, baba mdogo Kajiru.” Kajiru akakaa juu ya kigoda, akajitanua, akatikisa matako kukizoea. Jicho la marehemu likacheza. “Vazi lake la ngozi, mchungaji wa jirani.” Mchungaji akalivaa, akazunguka ua mzima anajionyesha. Mguu wa marehemu ukaanza kugonga chini. “Na kiko chake, shemeji yetu mtarajiwa, Mbonea.”

Mbonea akawasha kiko, akavuta, akapaliwa, akatoa moshi kwa pua na kwa machozi.

“Hakivutwi hivyo, mpumbavu wewe!”

“Nani amesema?” akauliza Semvua.

Watu wakatazamana. “Upepo,” akasema Kajiru, na ua mzima ukaangua kicheko. Hata Semvua alijiuma shavu asicheke.

“Limebaki jambo moja,” akasema. “Mjane.” Kicheko kikakatika. Kwa maana desturi ilikuwa kwamba siku ile mjane anafungua utepe wake, anaupeleka kwa mwanamume amtakaye awe mumewe, au anautupa motoni abaki peke yake. Semvua hakujua mama yake atafanya nini. Hakumwuliza. Aliogopa kumwuliza, nawaambieni ukweli. Usiku kucha alikuwa amejilaumu kwamba labda anamvunjia mama yake nyumba kwa mara ya pili.

Nakiete akafungua utepe. Nywele zote mvi. Akatembea polepole. Akafika kwa Kajiru, na Kajiru akaanguka kutoka kwenye kigoda: “Shemeji, mimi hapana, tafadhali, mimi hata kuongea siwezi!” Akampita. Akawapita wazee wa bonde waliokuwa wananyoosha mavazi yao, wale wazee wasio na haya. Akafika kizingitini akasimama.

“Mume wangu alikufa,” akasema, na hakuuambia upepo. “Nimemlilia miaka kumi na miwili, inatosha. Alikuwa mtu mwema, ila mkaidi wa kutisha. Huyu mzee aliyekaa hapa simjui jina. Nimempikia siku zote hizo na hajasema asante hata mara moja. Lakini nimemzoea. Namtaka huyu. Ila nikimchukua, namchukua mtu hai, mwenye kuniitikia nikimwita. Sitaki kulala na mzimu tena. Akikataa, utepe nautupa motoni na kesho nahama na watoto wangu, naye abaki aungue.”

Akanyoosha mkono, utepe unaning'inia.

Mzee Mrindoko akamtazama. Hakutazama mbali, hakutazama mlima. Alimtazama yeye.

“Nakiete,” akasema. “Mvi hizi zote zimekutoka lini?”

“Ulikuwa umekufa,” akajibu. “Ungeziona vipi?”

Mzee akasogea mbele. Akaupokea utepe kwa mikono miwili, akainuka, magoti yakalia, akashika nguzo ya mlango. Ua ukalipuka! Vigelegele, makofi, watu wanarukaruka, Nambua amemnyakua Mbonea anamzungusha kama mtoto. Na Semvua akawapenya watu wote, akapiga magoti pale pale.

“Shikamoo, baba.”

Mzee akamwekea mkono kichwani.

“Marahaba, mwanangu.”

“Baba, sikutaka kukuzika. Niliona jiwe linakuja mguuni pako.”

“Najua.”

“Unajua?”

“Nilijua siku ile ile,” akasema mzee, na akatazama vidole vyake. “Tutaongea. Maji kwanza.”

Siku ya saba wakapanda. Watano, kama zamani. Chini bonde zima limetulia, mfumwa mwenyewe amekuja, na mienge ya kuchomea nyumba imeshafungwa, nataka mjue hivyo. Nambua akaimba wake, kwa hasira yake yote ya miaka ile. Kajiru akajifuta jasho, akafumba macho, akaimba, na sauti yake ilikuwa bado nzuri, nani angejua! Nakiete akaimba. Jiwe likatikisika, likapanda.

“Maji yashuke!” akaimba Mzee Mrindoko. “Bonde linywe, tusiache, tusia—”

Ikakatika. Hata kikohozi hakikuwapo. Pumzi tu imekwisha, kinywa ki wazi, sauti hakuna. Mtu amekaa kimya miaka kumi na miwili, mlitaka sauti itoke wapi? Jiwe likaanza kurudi. Nambua akapiga kelele. Semvua alikuwa na kigingi mkononi na mstari wa baba yake umemjaa ulimi wote. Akauma midomo mpaka damu. Akiimba, amemzika tena. Asipoimba, nyumba imekwisha. Akamtazama baba yake, machozi yanamtoka, na hakuimba. Hakuimba! Alingoja.

Na Mzee Mrindoko, wakati jiwe linashuka, akamshika mwanawe bega akalitikisa kwa nguvu. Kwa sauti ya kukwaruza, kama kuku aliyekabwa, akasema:

“Imba! Imba, Semvua! Ni wako! Nimekupa mimi mwenyewe, nikiwa hai!”

“Tusiache!” akaimba Semvua, na nyie, mlima ulisikia! “Tusiache, tusiacheee!” Akautupa mkono kwenye mti wa baba yake akakaza, Kajiru akakaza, Nambua akakaza, mama akakaza, jiwe likasimama angani. Na kigingi je? Mzee Mrindoko akakinyang'anya, akajitupa kwa tumbo, akakipenyeza chini ya jiwe kwa mikono yake miwili, na akiwa bado amelala pale chini, akaimba mstari wa mwanawe kwa ile sauti yake mbovu:

“Kimeingia, kimeingia, tupumue!”

Maji yakaja. Hayakuja kwa adabu! Yalikuja yanagongana, yanapiga kelele, yakampita mzee yakamlowesha kichwa mpaka miguu, yakashuka mferejini, na bonde likalia kwa furaha hata mbwa wakaanza kubweka. Mfumwa akatupa mienge majini mwenyewe.

Juu ya jabali Semvua akamwinamia mzee. “Baba, umeimba mstari wangu.”

“Nimeuimba.”

“Sasa umenizika na mimi.”

“Basi sote wawili ni marehemu,” akasema mzee, maji yanamchuruzika puani, akacheka, akacheka mpaka akaketi chini. Kisha akamvuta mwanawe akae karibu. “Sikiliza. Siku ile sikukuchukia. Niliona aibu. Pumzi iliniishia mbele ya watoto wangu, na kijana wangu akaiona. Nikasema heri wadhani umenikosea kuliko wajue nimechoka. Nimekupotezea miaka kumi na miwili kwa aibu ya kikohozi kimoja. Nisamehe, mwanangu.”

Semvua akamsogelea. Alimkumbatia baba yake na nguo zake zote mbichi, na mama yao akawafunika wote wawili kwa kanga yake.

Nambua akaolewa siku ya tatu. Hakutaka kungoja ya nne. Kajiru akaongea tangu asubuhi mpaka jioni, maji, bonde, mama, mtoto, mpaka watu wakamwomba anyamaze. Na tangu hapo, katika nyumba ile, mtu akiona pumzi yake inapungua, anamwita mwanawe mchana kweupe, anamkabidhi mstari wake kwa mkono wake mwenyewe, kisha anakaa pembeni anasikiliza unavyoimbwa, na anakosoa.

Kwa hiyo wajukuu zangu, mkikua na mimi nikianza kushindwa na mambo, msijifanye hamjaona. Njooni mnishike. Na nikiwakasirikia kwa kunishika, maana nitawakasirikia, najijua, msiende nyikani. Ngojeni hapo hapo karibu, mpaka aibu yangu ipite.

Kisa kimeketi, miguu imekiuma. Anayekitaka akibebe, anayekichoka akiweke njiani, wapitao wataokota.